Ukingo wa Jiwe la Bibi Pugh

KITUO CHA POLISI, MASKATI

Maelezo yaliyochukuliwa Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1970, saa mbili na robo asubuhi, mbele ya Inspekta Marhoon bin Amur. Yameandikwa kwa Kiswahili kwa ombi la shahidi. Tafsiri ya Kiarabu itaambatishwa.

Jina: Mahfoudh bin Suud
Umri: miaka 36
Kazi: karani na mkalimani, kampuni ya upimaji wa barabara
Makazi: Ruwi
Elimu: sekondari, Unguja

Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa ajili ya Bakhit bin Thabit, fundi mawe wa Ruwi, aliyewekwa ndani tangu Jumapili kwa madai kwamba aliharibu kwa makusudi jiwe la kaburi la Mkristo. Tarehe na saa ninazozitaja zimo katika daftari langu la kila siku, ambalo nimelileta.

Mlalamikaji, Bwana Emrys Pugh, ni mpima ardhi na ndiye mkuu wangu kazini. Kwao ni Wales. Mkewe, Bibi Gwenllian, alifariki kwa homa tarehe 19 Aprili mwaka huu, akazikwa kwenye makaburi ya Wakristo, katika ghuba ndogo upande wa Bustan isiyofikika ila kwa mashua. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mnamo tarehe 22 Mei Bwana Pugh alinionyesha picha za mawe ya kumbukumbu yaliyosimamishwa kwao zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Usoni mwa jiwe, jina la marehemu limechongwa kwa herufi za Kilatini. Ukingoni, jina lile lile limeandikwa tena kwa mikato, mirefu na mifupi, kuanzia chini kwenda juu. Maandishi hayo ya mikato huitwa ogham, na asili yake ni Ayalandi. Nilimuuliza kwa nini mara mbili. Alisema, "Palikaa watu wa lugha mbili. Kila apitaye aweze kumsoma."

Kuanzia Juni hadi Septemba, kila Ijumaa, alichonga mikato hiyo kwa mkono wake mwenyewe, uani kwake, kwenye jiwe alilolichagua kwa ajili ya mkewe. Yeye si fundi. Mikato haikulingana, na mahali pawili ukingo ulimeguka. Uso wa jiwe aliuacha kwa mtu mwenye ujuzi.

Jumanne tarehe 6 Oktoba, saa kumi na nusu jioni, nililipeleka jiwe kwa gari la kampuni hadi karakana ya Bakhit. Kabla sijaondoka Bwana Pugh aliniambia, "Mwambie ni uso tu. Ukingo asiuguse. Mweleze na sababu." Nilimjibu kwamba nimeelewa.

Bakhit hajui Kiingereza. Ni mzaliwa wa Pemba, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nami humwita ami. Nilimpa karatasi yenye maneno ya Kilatini. Aliigeuza huku na huku.

"Mie ntaiga tu kama ilivyo," alisema. "Hata sijui n'natukana au n'naomba dua."

Kisha akapitisha kidole gumba ukingoni, akacheka. "Ee Mahfoudh! Bwana wako kauziwa jiwe lililotafunwa na panya! Na wewe, msomi mzima, ulikuwa wapi?"

Nami nilicheka.

"Usijali," alisema. "Ntamnyooshea. Kaburi la mke wa mtu hili, haliwekwi na meno ya panya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilisema, "Haya ami, nakuachia," nikapanda gari.

Inspekta ameniuliza kama nilisahau. Sikusahau. Ameniuliza kama nina ugomvi na Bwana Pugh. Sina, amenitendea wema. Ameniuliza basi sababu ni nini. Mke wangu, Masouda, alifariki Unguja Januari 1964, siku nne baada ya mimi kukamatwa. Nilipotoka, hapakuwa na mtu aliyeweza kunionyesha alipozikwa. Tarehe 6 niliandika daftarini mstari mmoja, nao nausoma kama ulivyo: "P. anataka jina la mkewe mara mbili. Moja linatosha." Juu ya mstari huo sina la kuongeza.

Jumamosi tarehe 10, saa tatu asubuhi, nilikwenda na Bwana Pugh kulichukua jiwe. Herufi za usoni zilikuwa nzuri sana. Ukingo ulikuwa umenyooka kabisa. Bakhit aliuwekea guni lake la kupimia pembe, akatuita tuiname tuone kwamba hata mwanga haupiti. Alikuwa amefurahi. Bwana Pugh alipitisha mkono ukingoni, kutoka chini hadi juu, kisha akarudia. Akasema kwa Kiingereza, "Yuko wapi?"

Bakhit akanigeukia. "Anasemaje? Hakupendezwa?"

Sikumtafsiria. Bwana Pugh akaniuliza kama fundi alielezwa. Nilijibu, "Alielezwa."

Kwa jibu langu hilo Bwana Pugh aliamini kwamba Bakhit amelidharau kaburi la mkewe kwa kuwa ni la Mkristo, akaja hapa kushitaki. Kesho yake asubuhi Bakhit alikamatwa. Nilikuwepo njiani alipopitishwa. Alinisalimu.

Bakhit hakujua kwamba mikato ile ni maandishi. Aliona jiwe lina kasoro, akalitengeneza kama fundi mwema anavyotengeneza. Miezi minne ya kazi ya Bwana Pugh imepotea kwa sababu yangu, na siku tatu za Bakhit humu ndani pia. Wa kuulizwa ni mimi.

Nimesomewa maelezo haya tangu mwanzo. Ni yangu, nimeyatoa kwa hiari, na hakuna neno ninalotaka liondolewe.

(Sahihi) Mahfoudh bin Suud

Maandishi ya afisa: Shahidi alitahadharishwa kwamba maelezo haya yanaweza kutumiwa dhidi yake, alisema anajua. Daftari limekaguliwa na kuzuiwa kituoni. Mlalamikaji ameitwa. Bakhit bin Thabit ameachiwa leo saa tano na dakika ishirini, baada ya mimi kumsomea yote yaliyo hapo juu. Aliuliza, "Kumbe lilikuwa jina lake?" Nilimwambia ndiyo. Aliomba atolewe kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa shahidi alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Ombi lilikubaliwa.

Marhoon bin Amur, Inspekta