Maganda ya Machungwa Yaliyozima Soko la Mankessim

Mpendwa Shangazi Araba, naomba msaada, ingawa kwa bahati niliyo nayo mimi ndiye ningekushauri wewe, maana hapa Mankessim hajazaliwa mwenye nyota kama yangu, mimi ni meneja wa mtambo unaotoa umeme kwenye taka za soko, maganda ya mihogo na majani ya kufungia kenkey, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachuka, tunayatia kwenye tangi, yanaoza, yanatoa gesi, gesi inaendesha jenereta, umeme wa serikali ukikatika soko letu na zahanati vinawaka kama harusini, na mimi niliyefika bandari zote hadi Abidjan sijaona kitu cha kujivunia kama hiki.

Sasa nampenda Esi, na mama yake, Maame Ekua, ndiye malkia wa wauza machungwa, akaja kuniuliza mbele ya wenzake, "Mkwe, maganda yetu mnayakatalia nini? Ya mihogo yana mjomba waziri?" Wakacheka, nikasema, "Mama, bosi hapa ni mimi, lete yote!" Akaleta mikokoteni saba kwa vigelegele, nikayamwaga yote, na najua kabisa ganda la chungwa likizidi linaua vijidudu vinavyotengeneza gesi, siku ya nne tangi likanyamaza, soko giza, zahanati giza, na anayelaumiwa ni mzee Kobina, mwenzangu wa zamu, Ijumaa anafukuzwa, nami nikisema ukweli Esi ndiyo basi tena. Na umeneja ni uongo, Shangazi. Mimi ni mchambua taka.

Kwamena

Kwamena, nimecheka, kisha nimenuna. Mbona "mchambua taka" unaitamka kama ugonjwa? Meneja akiugua, soko linawaka. Wewe ukikosea, soko linazima. Mkubwa nani hapo?

Lakini mzee wa watu abebe kosa lako huku wewe unachumbia? Thubutu! Kesho asubuhi, kabla hujala chochote, nenda kwa meneja mwenyewe useme, "Ni mimi." Hadithi za Abidjan ziache nyumbani. Samadi yenye vijidudu vipya vya kuliamsha tangi ikihitajika, ukaibebe wewe.

Ukitoka hapo nenda kwa Maame Ekua, palepale sokoni, wenzake wakisikia, kwa sababu ndipo ulipojigamba. Mwambie maganda yake yameua nini na nani aliyeyaruhusu. Mama yule anasikiliza waongo tangu alfajiri, anayekiri atamshangaza. Akikunyima binti, pole, mwanangu, lakini Kobina atakuwa na kazi yake.

Na usivae suti. Nenda na ovaroli yako, na harufu yake.