Mzizi Ulioutia Kwenye Vipanya

Mama, shikamoo.

Ungekuwepo, marahaba yako ingepitia kwa Neema. Miaka yote niliyokuja kwako Igogo, mimi nilikaa sebuleni na wewe ukakaa jikoni, kama wakwe wanaoheshimiana, na mke wangu akawa wa kwenda na kurudi kati yetu. "Mwambie mkwe chai iko tayari." Nami namwambia Neema akushukuru. Sidhani kama tuliwahi kuongea sisi wawili hata kwa muda wa kumaliza kikombe hicho cha chai.

Nakuandikia habari za paka wako, Mjumbe. Baada ya matanga tulimtia kwenye kikapu tukamleta kwetu Mkolani. Jina hilo ulimpa kwa sababu alikuwa anapita nyumba hadi nyumba, kama mjumbe wa nyumba kumi anayekagua wageni. Huku hakumtembelea hata jirani mmoja. Aliingia chini ya kitanda chetu akabaki huko. Neema alimchemshia mapanki, ile mifupa ya sangara yenye mabaki ya nyama. Aliyanusa tu, akageukia ukutani. Mbavu zikaanza kuonekana. Asubuhi moja Neema alisimama mlangoni na sahani ambayo haijaguswa, akaniambia taratibu, "Huyu naye akifa, nitakuwa nimemzika Mama mara mbili."

Hapo nilikumbuka vile vipanya vya kitenge ulivyokuwa unamshonea, vyenye mkia wa katani. Kule sebuleni kwako nilikuwa namwona Mjumbe amekikumbatia kimoja, anakipiga mateke kwa miguu ya nyuma, anagaagaa, mate yanamtoka kama mtu aliyetoka kilabuni. Niliwaza sana umetia nini mle ndani. Lakini mama mkwe unamuulizaje habari ya kulewesha paka?

Katika mizigo yako tulipata kimoja, kikuukuu. Mjumbe alikinusa akakiacha. Harufu ilikuwa imekwisha. Nikakifumua. Ndani kulikuwa na sufi na vipande vya mzizi mkavu, vyembamba kama njiti za kiberiti. Nilivinusa, nikatafuna kimoja. Ladha ya udongo, basi. Muuza dawa za asili sokoni alivigeuzageuza kiganjani, akakiri havijui. Jirani akasema nijaribu mchaichai: Mjumbe alitafuna jani, akatapikia viatu vyangu. Mnanaa aliutazama tu. Mrehani ulimpigisha chafya. Neema naye hakujua. Alisema mizizi ulikuwa unarudi nayo kutoka kwenu Usagara, umeifunga kwenye pindo la khanga.

Mvua za kwanza zilipokwisha kulowesha ardhi, Neema alikuwa anapalilia tuta la mchicha nyuma ya nyumba, anang'oa magugu na kuyarundika pembeni. Mara Mjumbe akatokea mlangoni, amekonda, anapepesa macho kwa jua. Akanyoosha pua. Akaenda moja kwa moja kwenye lile rundo, akachokonoa, akachagua gugu moja fupi lenye majani kama ya mchicha. Majani hakuyagusa. Aling'ata mzizi, kisha akajitupa chini na kugaagaa kwenye tope hadi usingejua kichwa kiko wapi. Neema alicheka mpaka akakaa chini, kicheko kikageuka kilio, halafu akacheka tena. Jioni ile Mjumbe alikula.

Gugu lenyewe, Mama! Nimelikanyaga maisha yangu yote, na hata leo silijui jina.

Sasa nashona mimi. Vidole vyangu vimezoea spana, kwa hiyo vipanya vya mwanzo vilifanana na viazi. Nimegundua kwamba mzizi ukianikwa juani unapoteza nguvu. Wa kivulini unadumu kidogo. Mbichi ndio unaomvuruga kabisa, huo nampa kwa kipimo. Lakini yako mengi ya kukuuliza. Nani alikuonyesha? Mama yako huko Usagara, au na wewe ulifundishwa na paka, ukiwa na jembe mkononi? Na kwa nini paka wa jirani yetu ananusa kipanya hichohicho, halafu anapita zake kana kwamba ni kitambaa tu? Nimemjaribu mara nyingi. Hashtuki.

Juzi Neema aliniambia jambo ambalo sikulijua. Vile vipanya ulikuwa unavishona siku nilizokuja mimi. Kukaa nasi ulikuwa huwezi, na ulimwambia hutaki kukaa mikono mitupu wakati mkwe yuko nyumbani. Nilinyanyuka nikakitafuta kile nilichokifumua, nikakishona upya kwa mshono wangu mbovu. Hicho simpi Mjumbe. Yeye anavyo vingine, tena siku hizi anavitelekeza uani na kwenda kukagua majirani. Kwenye kibanda cha chipsi wameshamzoea.

Mavuno yakiisha tunakuja Usagara kusafisha kaburi lako. Kama gugu lile limeota hapo juu yako, sitaling'oa mpaka nimekuomba. Nitapiga goti, nitakusalimu, na nitaomba mwenyewe kwa mdomo wangu. Neema atasubiri pembeni.

Pumzika, Mama.

Mkweo,
Mashauri