Si Ungeanguka Tu

Linah, uko? Yule mwalimu Weldon wa kungfu uliyekuwa unatusifia, leo ameaibika kwa ukumbi wa kanisa hapa Kaptembwo. Eucabeth ndiye amemwaibisha.

Alikuwa ameenda tu kumwona Kiplangat wake, yule wa harusi ya Desemba, akifanya mazoezi. Wanasimama wawili wawili, mikono imegusana, macho wamefunga, ati mtu anahisi nguvu ya mwenzake kabla haijaja. Weldon akimgusa Kiplangat kidogo tu, jamaa anarushwa hadi ukutani. Jamaa wa kilo tisini, Linah.

Mwalimu akaringa, akamwita Eucabeth ajaribu. "Ukisukumwa usishindane. Legea, umpishe."

Akamgusa. Eucabeth akasimama tu.

Akamgusa tena. Bado amesimama, anamwangalia vile unaangalia mtu anakuuzia maziwa ametia maji.

Weldon akasukuma kwa nguvu zake zote. Eucabeth akampisha, vile tu alivyoambiwa. Mwalimu akapita kama ng'ombe amekata kamba, akaangukia ngoma za kwaya.

Halafu akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Mmeona? Hiyo ndiyo nilikuwa nafundisha."

Wakampigia makofi. Makofi, Linah.

Lakini si hiyo imemkasirisha Eucabeth. Wakirudi, wakafika kwa geti ya kina Eucabeth. Hapo ndipo Kiplangat akamwambia, pole pole, "Si ungeanguka tu. Sisi wote huwa tunaanguka."