Mbwa Aliyeitwa Hodi

Ijumaa. Ukungu umeshuka kutoka kilele cha Shengena tangu alfajiri, na mpaka sasa haujaona haja ya kuondoka. Migomba ya jirani siioni. Kifua kimebana. Nimeandika mistari hii michache, nikalaza kalamu, nikapumzika, nikarudi.

Mbwa amekula.

Nakijwa, mke wa mwanangu, alimsogezea bakuli la makande kwa ufito mrefu, kama anavyofanya kila siku tangu tulipomfunga kwenye mbuni ule mzee wa kahawa. Mbwa akala yote, akalamba na chombo. Maji amekunywa. Mate hayamchuruziki, taya halijalegea. Siku kumi tulizoambiwa tumtazame zimetimia leo, na dresa wa zahanati amepanda mwenyewe kuja kumwona. Amesema mbwa huyu hana kichaa. Mtoto aliyemuuma yuko salama.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, Nakijwa akaitikia amina huku machozi yakimtoka. Kisha mwanangu Kanaeli akaniuliza, bila ukali wowote, "Sasa, baba?"

Habari njema ya mtoto ni habari mbaya ya mbwa. Sote watatu tulilijua hilo.

Nimemwambia nitampa jibu kabla ya jioni. Ndiyo maana naandika. Nilifundishwa kalamu na wamisheni wakati wa Wajerumani, nikaifundisha kwa wengine chini ya Waingereza mpaka nguvu ziliponiishia, na sijapata njia nyingine ya kufikiri.

Jina la mbwa ni Hodi. Ni mimi niliyempa. Siku hizo wanafunzi walikuwa wakiingia kwangu kama mbuzi, bila kubisha, na nilipoletewa mtoto wa mbwa nikasema darasani kwamba kuanzia leo nyumba ya mwalimu haitakosa hodi. Ukawa mzaha wa kijiji kizima. Mgeni akisimama uani akabisha, mbwa hutoka mbio na mkia wake, akidhani ameitwa. Mzee mmoja wa kanisa, rafiki yangu, hajachoka kunisuta mpaka leo: "Mwalimu, Vudee nzima ni wewe tu uliyetufanya tumwombe mbwa ruhusa ya kuja kukuamkia!"

Mke wangu alipofariki, mbwa akahamia ndani, karibu na kitanda. Nilipoanza kuugua, aliacha kutikisa mkia. Mtu akibisha, anainuka polepole na kusimama katikati, kati yangu na mlango. Siku moja Kanaeli aliponiinua anigeuze, mbwa alimngurumia. Kanaeli akacheka, akasema, "Huyu naye sasa anajiona ndiye kifungua mimba."

Mimi nilimwona mbwa alivyobadilika. Nilimwona kabla ya wote, na sikusema kitu.

Niseme yote. Nilifurahi. Mtu anayelishwa uji kwa kijiko hana mengi yanayomwonyesha kwamba bado ni kitu cha kulindwa.

Mjukuu wangu Namsifu hajaanza shule, lakini adabu anayo, na aliyemfundisha ni mimi. Nilikuwa nikimtoa nje na kumrudisha, mara hata tatu, mpaka abishe vizuri na kusubiri aambiwe karibu. Siku ile mama yake alimtuma aniletee ndizi mbivu. Mimi nilikuwa nimeshikwa na kikohozi, nakoroma kama mtu anayekabwa, na mbwa alikuwa amesimama, manyoya ya shingo yamemwinuka. Mtoto akasimama mlangoni kama nilivyomfundisha.

"Hodi, babu!"

Na mbwa akaitika.

Alimuuma mkono, chini ya kiwiko, na hakuachia mara moja. Ndizi zikatawanyika sakafuni. Nikapiga kelele, "Hodi! Hodi!" na waliokuwa uani wote walidhani namkemea mbwa amwachie mtoto. Hata mbwa alidhani hivyo, akamwachia.

Lakini mimi naijua sauti yangu. Kabla sijaona damu ya mtoto, nilikuwa nimekwisha kuliona panga la Kanaeli. Jina lililonitoka lilikuwa la yule niliyehofia usalama wake kwanza.

Mtoto alikuwa wa pili.

Kanaeli akaja kweli na panga. Hapo nikaitoa ile sauti yangu ya darasani, sijui ilikuwa imejificha wapi. Nikamwambia asimuue. Nikamwambia kwamba akifa leo hatutajua kama alikuwa na kichaa, kwamba lazima afungwe na kutazamwa, na kwamba mbwa akibadilika tu mtoto atelemshwe mjini Same haraka akadungwe sindano. Kila neno lilikuwa sahihi. Dresa alipofika akasema hivyo hivyo. Kanaeli akaliweka panga chini, akawaambia majirani, "Mnamwona baba? Mwili umechoka, lakini kichwa bado ni cha mwalimu."

Nikazipokea sifa hizo. Nilisema kweli, na nilikuwa nadanganya. Sikuwa nikimtetea mtoto. Nilikuwa namtafutia mbwa siku kumi.

Nakijwa hakudanganyika. Alikuwa amepiga magoti anauosha mkono wa bintiye kwa sabuni na maji, mtoto analia, na bila kuniangalia akauliza, "Na angekuwa mbwa wa jirani, baba, ungekuwa na subira hii?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Huo haukuwa hata ukweli wa nusu.

Tangu hapo kila asubuhi alimgusa mtoto paji la uso, kisha akatoka nje kumpelekea chakula yule aliyemuuma. Nami nikiwa kitandani niliwaombea wote wawili, mtoto na mbwa, na ziko siku niliomba kwa mpangilio mbaya.

Nimechoka. Nilale kidogo.

Nimeamka, ukungu ni ule ule.

Jana Kanaeli, kwa huruma tu, alisema tumpeleke mbwa Lembeni kwa mpwa wangu akalinde mahindi dhidi ya nyani. Nilishika wazo hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. Lakini mpwa wangu ana watoto. Wataenda kwa babu yao mzaa mama, watarudi, watasimama mlangoni, watabisha. Ni wapi katika nchi hii nitakapompeleka mbwa huyu ambako mtoto aliyelelewa vizuri hatalitamka jina lake? Kumbadilisha jina? Ni mzee, kama mimi. Hata mimi ukinibadilisha jina leo sitaitika.

Kumwacha amefungwa mpaka nife? Nimelifikiria hili kuliko yote. Siku hiyo haiko mbali, na siku hiyo watakuja wengi. Watakuja wanafunzi wangu ambao sasa wana mvi, watakuja wanaume wa kuniosha, na kila mmoja atasimama mlangoni na kusema neno lile lile. Naye atakata kamba, namjua. Atasimama kati yangu na wao.

Mpaka asubuhi ya leo nilikuwa bado napima, huku na huku, kama mfanyabiashara asiyetaka kuuza.

Kisha nikaona miguu.

Mlango ulikuwa wazi, na kwenye ukungu nje ya kizingiti palikuwa na miguu miwili midogo, imesimama. Haikuja, haikuondoka. Nilisubiri. Mwisho nikasikia kikohozi, kile cha kujifanya, kama cha mzee wa baraza.

"Nani huyo?"

"Mimi. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona hubishi hodi?"

Miguu ikasogea nyuma kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Nikisema, atakuja."

"Amefungwa, mama. Hawezi kuja."

"Atakuja, babu."

Nikamwambia karibu. Hakuingia. Aliliweka bakuli la uji kwenye kizingiti kwa mkono ule mzima, akalisukuma ndani kidogo, akaondoka kinyumenyume mpaka ukungu ukammeza.

Neno hilo nilimpa mimi. Sasa anakohoa.

Baada ya dresa kuondoka na Kanaeli kuuliza swali lake, sikuwa na elimu iliyobaki ya kujifichia. Nimewaita muda mfupi uliopita, yeye na mkewe. Nimempa Kanaeli jibu, akainamisha kichwa, akasema amesikia. Kisha nikageuka kwa Nakijwa nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza habari ya mbwa wa jirani, nilimdanganya, na kwamba zile siku kumi nilizitaka kwa ajili ya mbwa. Nilijiandaa kwa lolote. Mkwe ana haki ya kukasirika hata kama hana ruhusa ya kusema.

Akalivuta blanketi likanifunika miguu, akanisogezea bakuli jipya la uji.

"Najua, baba," alisema. "Kunywa uji, unapoa."

Nimeunywa. Sikumbuki uji mchungu kama ule, na haukuwa na kosa lolote.

Yupo mlinzi wa msitu, mtu wa huko juu, ana bunduki ya kazi na mkono usiotetemeka. Kanaeli amekwenda kumwita. Nimeomba jambo moja tu, nibebwe mpaka kwenye mbuni nishike kamba mwenyewe, kwa maana mbwa hatatulia kwa mwingine. Nitamshika shingoni pale anapopapenda, nyuma ya sikio. Nimemwomba Nakijwa ampeleke mtoto kwa bibi yake mzaa mama mapema.

Baadaye, kama nitapewa siku, nitamfundisha Namsifu tena neno lile. Nitamweka mlangoni, nami nitakuwa peke yangu ndani, na atakapolisema hakuna atakayeitika ila mimi.

Mlinzi atafika kesho asubuhi. Nasikia ni mtu mwenye adabu sana. Hataingia uani mwa mgonjwa kimyakimya. Atasimama kwenye njia, ataweka bunduki yake chini, na atabisha.

Na mbwa wangu, kwenye kamba yake, atainuka akidhani ameitwa.