Mtoko wa Kadi ya Mtu Mmoja

Jumapili jioni, Iyunga.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na mpaka sasa saa kumi na moja jua halijaonekana. Nimekaa jikoni karibu na jiko lenye majivu matupu, maana nimesahau kununua mkaa. Mama Atu angekuwepo, mkaa ungekuwepo. Yuko Iringa, Ipogolo, kwa mama yake tangu Jumatano. Anarudi keshokutwa.

Amenipigia simu baada ya ibada, ana furaha kweli kweli. Hiyo furaha yake ndiyo imenikosesha amani mpaka nimekuja kuandika hapa.

Hii blogu alinifungulia binti yangu Atu nilipovunjika mguu, ili nisikae nawaza tu. Huwa naandika mambo ya mbao na mahindi. Leo naandika kosa langu. Atu mwanangu, kama unasoma huko Dodoma, nakuomba usimpigie mama yako. Niachie mimi niseme mwenyewe.

Ilianzia kanisani. Tulikuwa na semina ya wanandoa, na siku ya mwisho mwalimu akatupa sisi wanaume kazi ya nyumbani: kila mmoja amtoe mke wake mtoko kabla mwezi haujaisha, chakula cha jioni na sinema. Akasema sio chipsi za kufungiwa kwenye mfuko, ukae naye mezani, umwangalie usoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Atu akanigusa na kiwiko.

Tuna miaka ishirini kwenye ndoa. Sijawahi kumpeleka mahali akakaa, akaletewa chakula na mtu mwingine.

Sasa badala ya kufurahi, mimi nikaanza kupiga hesabu. Mimi nasimamia ghala la mbao, kazi yangu ni kuangalia kisitoke kitu bure, na nikirudi nyumbani naendelea kuwa pale pale ghalani. Ndivyo nilivyo.

Kwenye droo kulikuwa na kadi ya harusi. Baba Frenki, mwenzangu kazini, alikuwa anaoza kijana wake. Mambo ya michango mnayajua: ukichanga kidogo unapewa kadi ya mtu mmoja, ukijikaza unapewa ya wawili. Mimi sikujikaza. Kadi yangu ilikuja imeandikwa SINGLE kwenye kona.

Nikaishika ile kadi nikawaza. Ukumbini kuna pilau, kuna kuku, kuna soda. Siku hizi wanaonyesha na video ya maharusi kwenye ukuta mzima. Sasa hicho si chakula na sinema? Na kimeshalipiwa! Mlangoni huwa kuna msongamano, na mimi na baba Frenki tumetoka mbali. Nani atamzuia mke wangu?

Nikamwambia, "Mama Atu, Jumamosi jiandae, nakutoa." Wapi, sikusema. Nikasema ni sapraizi.

Alienda kusuka tangu Ijumaa. Akatoa gauni la kitenge alilokuwa amelitunza kwa ajili ya mahafali ya Atu. Nilimkuta mbele ya kioo anajigeuzageuza kama binti. Wakati wa kutoka akachukua sweta, mimi nikamwambia liache, litaharibu gauni, tunakoenda kuna joto.

Hilo sweta. Liko hapa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikiinua macho naliona.

Tulipofika getini akaona mapambo, akasimama. "Baba Atu, hii si harusi ya kina Frenki?"

Nikamwambia ndiyo, tunaanzia hapa.

Akacheka. "Haya bwana. Mtoko wa mchango." Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu kwangu.

Mlangoni alikuwa amekaa binti wa kamati, amevaa sare ya zambarau, anamulika kadi kwa tochi ya simu. Nikamnyooshea ya kwangu, nimefunika ile kona kwa kidole gumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba utoe kidole, baba."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee kashikwa ugoni na kadi!" Nikajitetea kwamba huyu ni mke wangu, ni wa ndoa kabisa. Binti akasema, "Mama namheshimu sana, baba, ila viti vimehesabiwa. Kadi hii unaingia wewe."

Nikamwambia mama Atu, nipe dakika mbili tu, mwenyekiti wa kamati namfahamu. Akaitikia kwa kichwa. Kadi ikachanwa, nikaingia.

Mpaka hapo jamani nilikuwa bahili tu. Kilichofuata ni kingine.

Mwenyekiti nilimwona kule mbele kabisa, yuko bize na mshereheshaji. Nikawa napenya kati ya viti. Mtu akanivuta koti: "Kaa basi, mzee, unaziba kamera." Nikakaa. Sikumaliza hata kukaa vizuri, ikatangazwa meza za upande wetu ziende kuchukua chakula. Wenzangu wakasimama na mimi nikasimama. Nikajiambia, kadi imeshachanwa, nikitoka sirudi, na mchango wangu ndio umekwenda. Angalau mmoja wetu ale.

Nikala.

Nikala pilau, nikala ndizi, nikala paja la kuku. Nikarudi tena kuongeza kachumbari. Mhudumu akaniletea soda, nikamwambia hii ya moto, niletee ya baridi. Mke wangu yuko nje, mikono wazi, mwezi wa saba Mbeya, na mimi nadai soda ya baridi.

Halafu wakapunguza taa wakaweka ile video. Bibi harusi na bwana harusi wanakimbizana kwenye shamba la chai, wanarudi wanakimbizana tena. Nikaiangalia mpaka mwisho. Chakula na sinema, vyote nilipata, peke yangu.

Taa zilipowaka nikaangalia saa. Zile dakika mbili zilikuwa zimefika arobaini na kitu.

Nikapangusa mdomo. Kijiti cha meno nikakitupa pale mlangoni kabla sijatoka. Kwa hiyo nisidanganye kwamba sikujua ninachofanya.

Nilimkuta amekaa kwenye tofali karibu na geti, amevaa koti la mlinzi juu ya lile gauni, ameshika kikombe cha chai ya mlinzi. Walikuwa wanapiga soga. Mlinzi kumbe naye ni mtu wa Iringa, wa Idodi, wameshaulizana ukoo mpaka wamepata undugu. Aliponiona akasimama.

"Wamekataa, ee?"

Hapo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Wamekataa. Na mimi nikawaambia, kama mke wangu hali, na mimi sili."

Sijui sentensi ile ilitoka wapi. Sijawahi kusema kitu kizuri namna ile maisha yangu yote.

Mama Atu akavua koti taratibu, akamrudishia mwenyewe. Akamwambia, "Kaka, umesikia? Huyo ndiye mume wangu." Mlinzi akanipa mkono, akanipa hongera. Mkono wangu ulikuwa bado unanukia kuku.

Tukatembea mpaka kwenye kibanda cha chipsi barabarani. Akakataa nisilipe. Akatoa hela yake mwenyewe kwenye pochi, akaagiza chipsi mayai sahani moja. Akaigawa kwa kijiti, upande mkubwa akausogeza kwangu.

"Kula, baba Atu. Umeshinda na njaa kwa ajili yangu."

Nikala tena. Kila kipande nakisukuma kwa maji. Jasho linanitoka kwenye baridi ile, na yeye ananiangalia usoni, kama mwalimu wa semina alivyofundisha.

Na hapo nikakumbuka Ipogolo.

Kabla hatujaoana mimi nilikuwa kibarua wa kupakia mbao kwenye malori, yeye anauza maandazi na mama yake pale barabarani. Jumapili moja nikampeleka kwenye banda la video, tukakaa kwenye benchi la mbao, sinema ya kupigana mateke. Tulipotoka nilikuwa na hela ya sahani moja ya chipsi mayai. Nikamwambia kula wewe, mimi nimeshashiba, nimekula kambini. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Miaka mingi baadaye akaniambia kwamba alijua siku ile ile, kwa sababu ndani ya banda alisikia tumbo langu linalia kuliko sinema. Akasema ndiyo maana alikubali kuolewa na mimi.

Siku ile nilikuwa na njaa nikasema nimeshiba. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshiba nikasema nina njaa. Mwanamke ni yule yule, na chipsi ni zile zile.

Nyumbani tuliweka flashi tukaangalia sinema ya kutafsiriwa. Yeye alicheka mpaka akalala begani kwangu. Mimi tumbo lilinikata mpaka asubuhi. Akaniamkia na uji, akasema ni njaa ile ya jana imekupiga.

Ningesema asubuhi ile. Sikusema.

Asubuhi hiyo hiyo kanisani wakaomba ushuhuda wa mitoko. Wenzake wakataja mahoteli. Mama Atu akasimama na kitenge chake, akasema, "Mimi hoteli sikuiona. Ila nilikaa nje ya harusi, na mume wangu akaacha pilau kwa ajili yangu." Mama mmoja akapiga kigelegele, wakadakia wote. Wanaume wakanipiga mgongoni. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na mkono nikapunga.

Kila siku isiyosemwa inakuwa ngumu kuliko ya jana yake. Siku ya kwanza lilikuwa ni paja la kuku. Sasa hivi kanisa zima liko ndani yake.

Na leo simu. Ameshawasimulia Ipogolo wote. Akasema, "Subiri, mama anataka kukusalimia." Mama mkwe wangu ni Mhehe wa kweli, wa maneno machache. Kwenye simu huwa ananisalimia tu, kamwene, basi, anarudisha simu kwa mwanae. Leo aliendelea.

"Baba, nimesikia ulivyomfanyia binti yangu."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nilipokupa huyu mtoto ulikuwa umevaa viatu vya kuazima. Ndugu zangu walinisema sana. Leo nimewajibu."

Nikasema asante, mama. Nimesema asante. Kwa lile!

Halafu mama Atu akachukua simu akaniambia, huku anacheka, kwamba mama anamkabidhi jogoo, yule mwekundu, aje naye Jumanne kwenye basi. Yule jogoo namfahamu. Wageni wamekuja, sikukuu zimepita, hajaguswa. Mama mkwe ametoa maagizo: achinjwe siku hiyo hiyo, na firigisi apewe baba Atu mwenyewe, nzima, asigawane na mtu.

Firigisi kwetu ni heshima ya baba mwenye nyumba, hilo linajulikana. Nimeshakula firigisi nyingi nyumba hii bila kujiuliza kama nazistahili. Ila hii ya Jumanne najua haitapita kooni. Nimejaribu kuiwaza kwenye sahani na nimesikia kichefuchefu cha zile chipsi.

Nimewaza na njia rahisi. Ninyamaze. Hakuna aliyeniona akamwambia, baba Frenki mwenyewe alikuwa mbele na wageni wake. Mke wangu ana furaha, mama yake amewajibu ndugu zake, kwa nini nimwage? Ni akiba nzuri tu. Lakini huko ndiko kupiga hesabu kule kule. Nilibana kwenye kadi, nikabana kwenye sweta, sasa nataka kubana na maneno mawili.

Nikisema, atanyamaza. Namjua, hapigi kelele. Atakumbuka tofali, atakumbuka alivyonisogezea upande mkubwa wa sahani. Atakumbuka alivyosimama kanisani. Na itabidi yeye ndiye ampigie mama yake, au mimi. Inawezekana ageuze na basi la kurudi. Hilo ndilo naogopa, nisifiche. Nyumba hii bila yeye hata mkaa haina.

Ila mwanamke yule aliolewa kwa sababu ya njaa ya kweli. Siwezi kuendelea kumlisha ya uongo.

Jumanne nitaomba ruhusa kazini nikampokee stendi. Nitachukua sweta. Nitasema pale pale, kabla hajanikabidhi jogoo, maana nikisema ngoja tufike kwanza nyumbani, najijua mimi. Jogoo tutamfunga kamba uani. Kama ataliwa au hataliwa, yeye ndiye ataamua, na firigisi atampa anayemtaka.

Nimekuwa nafanya mazoezi humu jikoni, kwa sauti, kama mtu mwenye kichaa. "Mama Atu, siku ile nilikula, lakini kadi ilikuwa imeshachanwa." Hapana. "Mama Atu, siku ile nilikula, lakini watu walinikalisha." Hapana.

Mama Atu, siku ile nilikula.

Mara ya tatu ndiyo imetoka bila lakini.