Baba, Nyimbo Zako Zimetoka Salama

Baba,

Imeamka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekatiza salamu zote uniulize, "Nekesa, mashine je?" Imeamka, tena pande zote mbili. Windows ipo, Linux yako ipo, na nyimbo zako zote thelathini na moja zipo. Nimezihesabu mara tatu huku nikilia na kucheka.

Sasa salamu. Mama hajambo. Ile nyumba ya shirika la reli pale Makongeni tuliirudisha, nasi tukahamia mtaa wa Mowlem, vyumba viwili karibu na kwa kaka Wafula. Kitu cha kwanza Mama alichomwambia Wafula ni apigilie msumari kando ya mlango, atundike koti lako. Kitanda kilikuwa bado kiko nje.

Kompyuta nayo ilihama nasi, lakini bubu. Unakumbuka tulivyoiacha. Jumamosi ile tuliweka Linux, ule mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, kando ya Windows, wewe kitini, mimi kwenye kibodi, ukiniambia nisiwe na pupa kama mama yangu. Tulipoiwasha upya, skrini iliandika herufi mbili, L na I, ikakwama. Tukaizima, tukaiwasha. L na I. Ukasema, "Wacha ipumzike, Jumatatu nitamwuliza injinia wa kazini." Jumatatu hukufika kazini. Moyo wako ulisimama, wewe ukiwa unafunga kamba za viatu. Nilikukasirikia, Baba, nikwambie ukweli. Uliondoka kazi ikiwa nusu.

Na nyimbo ulizotungia kwaya miaka yote zilikuwa mle ndani tu. Madaftari ulishampa Mama awashie jiko, ukijitapa kwamba karatasi zimepitwa na wakati. Fundi mmoja wa mjini alitazama zile herufi mbili akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Wafula akaafikiana naye: "Siste, hii mashine imededi. Wacha ifutwe tuitumie." Nikamwambia akiigusa tutakosana. Nikaifunika kwa kitambaa cha Mama, na kwa miezi minne hakuna aliyeitaja.

Kisha Baba Mdogo akaja kutoka nyumbani Bungoma kuchukua nguo zako zilizobaki huku. Koti lilikuwa fungu lake. Mama aliliteremsha mwenyewe, akaniambia nitoe vitu mifukoni. Nikatoa tochi, kadi ya kazi, peremende mbili, na disketi. Juu yake umeandika kwa ule mwandiko wako wa ukarani: "Linux, ya kuwashia kwa dharura." Kumbe siku ile, nilipoenda kutazama chai, kompyuta ilikuuliza kama unataka kutengeneza disketi ya namna hiyo, nawe ukakubali, ukaitia mfukoni umpelekee injinia. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeishika.

Koti lako lilikaa mlangoni miaka yote kwa sababu ulitoka alfajiri na hukutaka kupapasa gizani ukatuamsha. Kila ulichohitaji ili utoke kilikuwa pale. Nilipoutazama ule msumari mtupu ndipo nikajua tulipokosea.

Ni adabu yako iliyotuponza, Baba. Tulipokuwa tunaigawa diski ya ndani ya kompyuta sehemu mbili, ulisema, "Mgeni alale ndani." Ndivyo tulivyoishi Makongeni: chumba kimoja, pazia katikati, mgeni akija anapewa kitanda cha nyuma ya pazia, sisi tunabanana karibu na mlango penye baridi. Basi Linux ukaipa mwisho kabisa wa diski, mahali pa heshima. Lakini kompyuta yetu ni ya zamani. Ikiwaka, inaweza kusoma sehemu ya mwanzo ya diski tu. Ilikuwa inamwita mgeni aliye mbali mno, haimfikii.

Nikaiingiza disketi yako, Wafula amesimama nyuma yangu amekunja mikono. Mistari ikateremka kwenye skrini, Linux ikaamka. Kutoka huko nikaufungua upande wa Windows, nikaona folda uliyoiita KWAYA. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kwanza nikanakili nyimbo zote kwenye disketi mbili, moja nikampa Mama aifungie kwenye kabati. Kisha nikafanya ulivyokuwa ukifanya na koti. Mgeni nikamwacha alale ndani, ila faili linalotumika kumwamsha nikalileta upande wa Windows, huku mwanzoni mwa diski. Nikazima, nikawasha.

L na I.

Wafula akaguna. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukiacha koti mlangoni na mara nyingine kusahau kofia chumbani. Kulikuwa na mafaili mengine mawili madogo ya kuwashia, nami nilikuwa nimeyaacha kulekule nyuma. Nikayaleta nayo. Nikawasha. Safari hii neno likaandikwa zima, LILO, jina la programu ya kuwashia, herufi zote nne, kisha ikaniuliza nataka kufungua ipi kati ya mbili. Wafula alininyanyua juu akanizungusha sebuleni. Baba Mdogo, akiwa ndani ya koti lako linalomfika magotini, akauliza ni mtihani gani nimepita.

Sasa sikia la Jumapili. Wimbo wako wa mwisho una beti mbili tu; ubeti wa tatu uliandika namba tu, ukauacha wazi. Kwaya ikaimba mbili, wakaanza kuketi. Mama akaendelea peke yake, kutoka safu ya akina mama. Aliimba ubeti wa tatu. Amekuwa nao miezi yote hii, alikusikia ukiuimba asubuhi ukinyoa ndevu, na hakuna aliyefikiria kumwuliza. Kanisa zima likasimama. Tulipofika nyumbani alinikalisha kwenye kibodi, akaniimbia mstari kwa mstari, nikauandika chini ya ile namba yako.

Lala salama, Baba. Hasira imeniisha. Desemba tukija nyumbani nitakuletea nyimbo zote thelathini na moja zikiwa zimechapishwa, kwenye karatasi, utake usitake. Na ule wa mwisho nakuahidi nitakuimbia pale kaburini, beti zote tatu, ingawa sauti yangu unaijua.

Binti yako,
Nekesa