Mtungo wa Tatu

Jumapili, 24 Shaaban 1329

Sasa hivi Saud kamnyang'anya paka kichwa cha samaki changu, kakikumbatia kifuani kama mtoto wake. Paka kalia, na yeye kalia! Nimecheka mpaka machozi. Mwanangu, meno mawili tu na keshakuwa mvuvi.

Jana vunja jungu letu Chukwani, kula na kucheza kabla ya mfungo. Sisi wanawake pwani na masufuria. Baba Saud na nduguye Turki wakaingia baharini kwa ngalawa ya kuazima, ya Machano, mume wa rafiki yangu Wanu. Wakarudi na mitungo mitatu ya samaki! Hawajashuka vizuri, sheha wa pale kawasimamia. Kumbe wenyeji wameweka sharti mwaka huu: watu wa mjini wanaovua kujifurahisha, kila aliyemo chomboni mtungo mmoja, basi. Ukizidisha, chombo kinapandishwa juu pwani, hakivui mpaka Idi.

Watu wawili, mitungo mitatu.

Baba Saud hakupepesa macho. "Wa tatu wa mwanangu. Alikuwamo."

Saud! Saud alikuwa kalala mapajani kwa Wanu, pale pale pwani. Nikanyamaza. Sheha kasema ngalawa ikae juu kwanza. Ikithibiti mtoto alikuwamo, itashuka. Samaki tukaachiwa sisi.

Jumatatu, 25 Shaaban

Nyumba nzima ni sharti tu, asubuhi mpaka jioni. Baba Saud anasema: yule Mzungu wa Mbweni kila wiki na fimbo yake ya kuvulia, anajaza kapu, nani anamhesabia? Kweli. Turki alimwuliza sheha hilo hilo, kajibiwa, "Mzungu mkono wetu haumfiki. Nyinyi mnafikika." Halafu akamwambia mwaka jana watu wa mjini walivunja jungu pale, wakamaliza samaki, wenyeji wakafuturu muhogo na chumvi. Na hilo nalo kweli! Sasa mimi niegemee wapi?

Ila hiyo adhabu siikubali. Aliyezidisha yuko barazani anakunywa kahawa. Asiyezidisha kafungiwa riziki yake, na Ramadhani hii hapa.

Jumanne, 26 Shaaban

Wanu kaja kwa miguu kutoka Chukwani. Nikamwambia pita ndani, kakaa kizingitini. Chai hakuigusa. "Mie sikufundishi la kusema, mwenzangu. Mtoto alilala kwangu, wajua, najua. Lakini mapaja yangu hayapikiki watoto wakafuturu." Tukacheka. Kisha akalia, na mimi nikalia.

Sheha anakuja kesho. Anasema mama mtu ndiye atakayesema mtoto alikuwa wapi.

Nimemwambia Baba Saud: kubali wewe. Ukatwe mishipi yako ya kuvulia, ukatazwe pwani ile mwaka mzima, ngalawa ya watu irudi majini. Kanitazama. "Nikatwe mishipi mbele ya wavuvi? Mimi?" Hakula. Mishipi ile kaisokota mwenyewe, na raha nyingine hana. Namwonea huruma — na namkasirikia!

Jumatano, 27 Shaaban

Wameshafika. Sheha na Machano wako ukumbini, mimi nyuma ya pazia, Saud kanilalia begani. Nshavaa, nangoja kuitwa. Baba Saud karudia: alikuwamo.

Sheha kamgeukia: "Alishika mshipi kwa mkono gani, Bwana Amour? Hata magego hajaota."

Turki kacheka peke yake. Machano kavua kofia, anaikunja, anaikunjua.

Nikisema alikuwamo, ngalawa inashuka leo, watoto wa Wanu watapata futari. Na mwakani kila bwana wa mjini atakuja na vichanga kumi! Nikisema hakuwamo, nimemwaibisha mume wangu mbele ya watu, na ngalawa itabaki juu. Ila wakinisikiliza la pili: kosa ni letu, chombo si chetu, tuadhibiwe sisi. Watanisikiliza. Kwa nini wasinisikilize? Sheha ana macho ya mtu anayesikiliza.

Mama mkwe anaita, "Kulthum we! Unangojwa!"

Naam, nnakuja! Nitaanza hivi: mwanangu siku ile alikuwa kwa Wanu, mapajani, na kosa ni